Kaunseling ya simu inatufaa sisi wa visiwani

Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi niseme kuhusu hii kaunseling ya mtandaoni, yaani kuzungumza na mshauri kwa simu, maana huku kwetu Lamu watu bado wanaiona ni mambo ya watu wa Nairobi wenye pesa zao, na mimi naona hakuna wanaoihitaji kama sisi wa visiwani.

Mchukue mtu wa Kizingitini au Faza, kule kisiwa cha Pate. Akitaka kaunsela lazima ashuke Lamu, na boti nayo yategemea maji, yakitoka pale kwenye mkondo wa Mkanda mwakwama mpaka yajae, kusi ikivuma ndo usiseme. Afike mjini aambiwe aende Mombasa, haya, boti tena mpaka Mokowe kisha basi la kutwa nzima. Mtu halali, chakula hakimpiti kooni, ataiweza safari hiyo kila wiki? Na kaunseling si sindano ukadungwa ukaenda zako, ni kukaa na kuzungumza tena na tena.

Lakini kwangu kubwa kuliko safari ni maneno ya watu. Lamu sote twajuana. Ukionekana tu umekaa kwenye benchi nje ya mlango wa kaunsela, hujafika nyumbani mtaa mzima washajua, ati fulani kichwa hakiko sawa, na kama ni msichana hata posa zinasita.

Mpwa wangu alifiwa na mumewe baharini akakaa eda, na eda ya mjane ni miezi 4 na siku 10, hatoki ila kwa dharura. Watu walijaa siku za matanga halafu kila mmoja akarudi kwa shughuli zake, yeye akabaki na wanawe. Usiku akisikia mashine ya boti anainuka kwenda dirishani. Tukamtafutia kaunsela wa kike, Muislamu mwenzake, yuko Mombasa, wakawa wanaongea kwa simu mlango umefungwa na hedifoni masikioni ili hata sisi wa ndani tusisikie anaulizwa nini. Eda yake haikuguswa, dua na Qur'ani hazikuachwa, na polepole akaanza kulala usiku na kula na watoto. Wallahi sijui kwa njia nyingine tungefanyaje.

Netiweki ikisumbua si lazima vidio, sauti yatosha, na wengine hasa vijana wa kiume huona wepesi kuandika meseji kuliko kusema kwa mdomo. Kuna waliokuwa wakinyamaza kwa kuogopa polisi, maana kujaribu kujiua ilikuwa kosa la jinai, ila Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu kile cha 226 cha sheria ya jinai kinapingana na katiba, kwa hivyo tuwaambie vijana wetu waseme.

Nitahadharishe kitu. Mtandaoni kila mtu ajiita kaunsela siku hizi, muulize kasomea wapi na kama amesajiliwa, sheria ya makaunsela na wanasaikolojia ipo tangu 2014 na mwenye haki yake hatakasirika ukimuuliza. Na mtu akishafika pa kutaka kujidhuru, au anaona na kusikia visivyokuwepo, msikae kusubiri simu, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo na asiachwe peke yake.

Sasa kaunti. Simu kwa wanawake wengi huku ni ya nyumba nzima, anashika mume, wanashika watoto, meseji zinasomwa, na bando likiisha limeisha. Kwa hivyo naomba kila kituo cha afya, kuanzia Faza, Kizingitini na Kiunga, kitengewe chumba kimoja kidogo chenye mlango unaofungika, intaneti na simu, na nesi mmoja wa kumuunganisha mtu na kaunsela bila kumuuliza shida yake mbele za watu. Tena mlango uwe ule ule wanaoingilia kina mama wa kliniki, asijulikane nani kaja kwa lipi.

Msomaji wako,
Langoni, Lamu