Kabla hujaongeza kifurushi, tupime hewa kwanza

"Fundi, nimeongeza kifurushi mara mbili, lakini ikifika saa mbili usiku video inazunguka tu." Simu za namna hii tunazipokea sana, hasa kutoka maghorofa ya Upanga na Kariakoo. Aliyepiga safari hii ni mama mmoja wa ghorofa ya nne. Tulipofika tulichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya: kasi ikaja yote aliyolipia. Tukachomoa, tukapima kwa Wi-Fi tukiwa kwenye kochi lile lile. Haikufika hata robo. Faiba, yaani waya unaoleta intaneti nyumbani, haikuwa na kosa lolote.

Tatizo lilikuwa hewani. Simu yetu ilihesabu Wi-Fi 34 za majirani, karibu zote kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Masafa hayo yamegawanywa chaneli 13, yaani njia ndogo ndogo za mawimbi, ila zimebanana: kutoka moja hadi inayofuata ni megahezi 5 tu, wakati ruta ikiongea inachukua kama 20. Ndiyo maana mafundi tunang'ang'ania 1, 6 na 11, ambazo hazigusani.

Ruta ya mama ilikuwa chaneli ya 4. Aliyeifunga aliona 1 na 6 zimejaa, akajibanza katikati. Nilishawahi kufanya hivyo mwenyewe, enzi za kujifunza. Ruta zilizo chaneli moja husikilizana: moja ikiongea, nyingine inanyamaza kungoja zamu. Ni foleni, lakini ina utaratibu. Ukikaa kwenye 4, wa chaneli ya 1 na wa 6 wanakusikia kama makelele, nawe vivyo hivyo; wote mnaongea kwa pamoja, data zinaharibika, zinatumwa upya.

Kulikuwa pia na kile kiboksi cha kuongeza nguvu ya Wi-Fi. Chake kilikuwa kinapokea na kurusha kwenye chaneli ile ile, yaani kila kitu kinasemwa mara mbili kwenye hewa iliyokwisha kujaa. Tulikichomoa. Ruta nayo tukaitoa pembeni ya maikrowevu, ambayo inafanya kazi kwenye masafa hayo hayo.

Televisheni, mlaji mkubwa kuliko wote, tuliivutia waya. Simu na kompyuta tukazihamishia gigahezi 5. Watu huilaumu kwa kutopenya kuta, lakini ghorofani hiyo ndiyo sifa yake: zege linaloizuia ya kwako isitoke ndilo linaloizuia ya jirani isiingie. Kamera na printa zikabaki kwenye 2.4, chaneli ya 11, upana tukaushusha kutoka megahezi 40 hadi 20.

Aliuliza kama anunue ruta ya Wi-Fi 6. Ni nzuri: inaweza kuigawa chaneli vipande vidogo ihudumie simu kadhaa kwa mpigo. Ila simu zake tatu kati ya nne ni za zamani, hazijui mtindo huo. Tukamwambia asubiri.

Vipimo tunafanya kati ya saa moja na saa nne usiku, maana mchana majirani wako kazini na hewa inadanganya. Kabla ya kutupigia, jaribu waya. Ukiona hata kwa waya mambo ni polepole, hela yako usitupe sisi; mbane aliyekuuzia faiba.