Chumba cha kulia kinabana? Anza na kabati kabla ya kuvunja ukuta

Wateja wengi hutupigia simu wakitaka ukuta uvunjwe ili chumba cha kulia kipate nafasi. Tukifika na futi, mara nyingi tunakuta ukuta hauna kosa.

Chukua chumba cha mita 3 kwa 3. Weka katikati meza yenye upana wa sentimita 90: kila upande zinabaki 105. Hapo mtu anavuta kiti anakaa, na mwenzake anapita nyuma yake na sinia la wali bila kumwinua. Sasa ingiza kabati la vyombo lenye kina cha sentimita 45. Upande huo zimebaki 60. Kiti hakivutiki, mgeni anaingia kiubavu, na mlango wa kabati ukifunguliwa lazima mtu asimame. Ndani ya kabati lenyewe, nusu ya vyombo ni seti ya harusi ambayo haijaguswa tangu Idi iliyopita.

Kwa hiyo kazi yetu huanza kwa kutoa. Seti ya harusi inafungwa vizuri na kupelekwa stoo. Ni kumbukumbu, haitupwi. Vyombo vya kila siku vinapanda kwenye rafu ya ukutani yenye kina cha sentimita 30, juu ya kichwa cha aliyekaa. Wenye nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar walilijua hili zamani: zidaka zimejengwa ndani ya unene wa ukuta, vyombo vinakaa humo, sakafu inabaki wazi. Ukuta wa tofali la inchi 6 hauna unene huo, ndiyo maana tunatumia rafu.

Meza ya mninga tunaipaka mafuta tu. Mistari ya mbao ile ni urembo tosha, na inatuuma kuiona imefunikwa na plastiki ya maua. Upande mmoja tunaweka benchi linaloingia chini ya meza. Taa ni moja, inaning'inia sentimita 75 hivi juu ya meza, ya mwanga wa njano; ule mweupe mkali unafanya hata pilau la moto lionekane limepoa.

Kabla ya kukata mbao tunachora umbo la meza sakafuni kwa selotepu, mnakaa nalo siku mbili tatu na viti vyenu vya sasa. Mkiona mnagongana, tunapunguza vipimo, na hapo bado hamjanunua hata ubao mmoja.