Risala ya Vikundi Vidogo vya Taarab Asilia na Kidumbak kwa Mgeni Rasmi, Mji Mkongwe, Unguja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Wazee wetu wa taarab, walimu wa muziki na wa skuli, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum.

Kwa heshima na taadhima, tunakukaribisha katika ufungaji wa mafunzo haya ya kuandika maombi ya ruzuku. Historia ya taarab hatutakusomea, wewe ni mwenyeji wake. Tunakwenda moja kwa moja kwenye fedha, maana hapo ndipo panapouma.

Mheshimiwa, kikundi tunachokizungumzia si okestra kubwa. Ni watu watano hadi wanane, kila mmoja na ala yake, bila ya mwongozaji: fidla, sanduku (besi ya sanduku la mbao), vidumbak viwili (ngoma ndogo), cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha) kwa upande wa kidumbak; kanuni (ala bapa ya nyuzi nyingi za kudonoa), udi, nai (filimbi) na rika (tari ndogo) kwa upande wa taarab. Wote ni wa ridhaa. Muziki wa ala chache namna hii una wafadhili wake nje. ACMP (Associated Chamber Music Players) ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1947, ni mtandao wa wapigaji wa ridhaa hasa. Kwa hivyo anayeomba kwenye mifuko kama hiyo ajieleze kwa idadi ya watu na ala zao. Akiandika "kikundi cha utamaduni" akaishia hapo, ombi lake litasomwa kama la ngoma na mavazi, na litakwenda kwenye kapu jengine.

Kuna pia mfuko wa UNESCO wa anuwai za utamaduni, ambao kiwango chake hufika dola 100,000. Ushauri wetu kwa vikundi ni huu: ambaye hajawahi kuzifungia hesabu shilingi milioni tano asianzie huko.

Tuchukue mfano wa ruzuku ya shilingi milioni 12 kwa mwaka mmoja. Mwaka una wiki 52. Toa Ramadhani, sikukuu na siku za mvua kubwa, zibaki wiki 46. Mazoezi mara mbili kwa wiki ni vikao 92. Posho ya mwalimu shilingi 25,000 kwa kikao ni 2,300,000. Nauli ya wapigaji wanane, shilingi 4,000 kila mmoja, ni 2,944,000. Jumla 5,244,000, na bado hujanunua hata uzi mmoja. Wafadhili wengi huikata sehemu hii kwa sababu neno "posho" linawatia shaka, kisha wakaidhinisha ala mpya. Matokeo yake ni kanuni nzuri iliyofungiwa ndani ya kasha lake, na hakuna wa kuifundisha. Tunawashauri wenzetu waandike "ada ya mafunzo, vikao 92" na waambatanishe mkataba wa mwalimu. Jambo ni lile lile, lakini sasa linapimika.

Nyuzi nazo husahauliwa. Kanuni ya kawaida ina nyuzi 78, tatu kwa kila sauti. Udi una 11, jozi tano na mmoja peke yake. Isitoshe, daraja la kanuni, linalobeba nyuzi, limekaa juu ya ngozi. Masika yakiingia ngozi hunywa unyevu, hulegea, daraja huzama na sauti zote hushuka. Mpigaji hukaza, kaskazi ikarudi ngozi ikakakamaa, nyuzi zikakatika. Bajeti isiyo na seti ya akiba ya nyuzi, na ngozi moja ya kubadilisha, imeandikwa na mtu asiyejua hali ya hewa ya hapa.

Wafadhili hutaka bei kutoka maduka matatu. Kanuni na udi huagizwa Misri au Uturuki, na soko la Darajani hapa mjini huzikuti kwa maduka matatu. Dawa yake ni barua fupi ya kueleza kwa nini muuzaji ni mmoja, ipelekwe kabla ya kununua, si baada. Bei hiyo iongezwe usafirishaji, bima na ushuru. Wanaosahau ushuru huiacha ala bandarini ikihesabiwa siku za ghala. Wenzetu wa Pemba waongeze na nauli ya boti.

Kwenye risiti ndiko vikundi vingi vinakoangukia. Daladala haitoi risiti, kwa hiyo kila kikao kiwe na karatasi ya mahudhurio yenye jina, kiasi na saini, na mfadhili aulizwe mapema kama ataikubali. Risiti za mashine hufifia kwa joto letu. Zitolewe nakala siku hiyo hiyo. Umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, nao uhifadhiwe ujumbe wake wa simu.

Halafu kuna mafungu. Ruzuku nyingi hulipwa kwa awamu, na ikiwa asilimia 10 huzuiliwa mpaka ripoti ya mwisho, kwenye mfano wetu ni shilingi 1,200,000 ambazo kikundi lazima kizitangulize. Kisicho na akiba hukopa, na ripoti huchelewa kwa sababu ya deni. Ni bora kupanga matumizi ya mwisho yawe yale yanayoweza kusubiri, kama kurekodi onyesho. Onyesho lenyewe lisipangwe Ramadhani, na kwa mradi wa miaka miwili ikumbukwe kuwa mwezi huo husogea nyuma karibu siku 11 kila mwaka. Mfadhili wa Ulaya hatakukumbusha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu kwako ni haya. Kwanza, tusaidiwe barua za kutumia madarasa ya skuli jioni. Barua hiyo huhesabika kama mchango wetu pale mfadhili anapotaka kikundi nacho kichangie. Pili, nyuzi na ngozi za ala ziangaliwe upya kwenye ushuru kwa vikundi vilivyosajiliwa. Tatu, mifuko ya ndani ikubali ripoti kwa Kiswahili, na itoe kidogo kwa miaka mitatu badala ya kingi kwa mwaka mmoja, kwani mpigaji wa kanuni haivi kwa miezi 12. Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kikongwe cha taarab cha hapa Unguja, ilianza mwaka 1905 kama klabu ya wanachama, wala haikuwa mradi wenye tarehe ya kufungwa.

Pamoja na risala hii tunakukabidhi bajeti ya mfano na fomu tupu ya mahudhurio.

Ahsante sana.