Wazee wa Kagera wachorwe wangali hai

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wachoraji wenzangu na wanaosimamia makumbusho yetu, kuhusu kuwachora wazee waliopigana Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin.

Wanafunzi wangu huwa nawasimulia habari za Ronald Searle, mchoraji Mwingereza aliyetekwa na Wajapani Singapore ilipoanguka Februari 1942, akiwa na miaka 21. Alifungwa gereza la Changi, kisha akapelekwa kujenga reli ya Siam (Thailand) na Burma (Myanmar), zaidi ya kilomita 400 za misitu na milima. Mateka zaidi ya 12,000 walifia huko, na vibarua wa Kiasia wengi kuliko hao. Kwa njaa, malaria na kipigo, mtu angesema penseli ya nini? Searle alichora. Alichora wenzake waliobaki mifupa, walinzi, na watu wakikata roho. Michoro aliificha chini ya magodoro ya wagonjwa wa kipindupindu, maana walinzi waliogopa kuwasogelea. Ilisalimika kama 300, na leo imo Imperial War Museum, London.

Vijana wa Tanganyika nao walipigana Burma hiyo hiyo mwaka 1944, wakiwa Keya, yaani askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza, King's African Rifles (KAR). Wametangulia mbele ya haki, na nyuso zao hatunazo. Sanamu ya Askari pale Bismini, katikati ya Dar es Salaam, naiheshimu sana, lakini ni ya Vita Kuu ya Kwanza, tena ni askari mmoja wa shaba anayewasimamia maelfu.

Wa Kagera bado tunao. Jirani yangu hapa Mbagala ni mmoja wao. Akianza kusimulia huokota kijiti, akachora mchangani daraja la Kyaka lilivyobomolewa, mto ulikopita, walikochimba mahandaki. Watoto huinama kumtazama. Muda si mrefu kuku wanapita, mchoro umekwisha. Roho huniuma kila mara.

Makumbusho ya Taifa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo wawakutanishe wazee hawa na wachoraji vijana. Mzee asimulie, kijana achore, mzee amsahihishe: hapana, bunduki tuliibeba hivi, mvua ilitupiga kutoka huku. Najua picha za kamera zipo, lakini ndani ya handaki usiku hapakuwa na mpigapicha. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 sasa amevuka 65, kwa hiyo jambo hili halisubiri bajeti ya mwakani. Karatasi na penseli zinatosha kuanzia, na mimi na wanafunzi wangu tuko tayari Jumamosi yoyote tutakayoitwa.

Mwalimu wa sanaa,
Mbagala, Dar es Salaam