Lile chango la mjukuu

Mbagala, Dar es Salaam

Shoga yangu Mama Shani,

Salaam nyingi. Uliniuliza mbona nilipotea wiki nzima, nikakujibu kwa mkato tu kwamba mjukuu anaumwa. Leo nimetulia, acha nikusimulie, maana na wewe una kichanga hapo nyumbani.

Ilianza Jumanne usiku. Mtoto ana miezi 7. Analia ghafla, kilio kikali, anakunja miguu mpaka magoti yanagusa tumbo, dakika mbili tatu, kisha kimya. Nusu saa haijapita, tena. Nikasema chango. Nimelea watoto 5 mimi, chango nalijua! Nikampaka mafuta ya nyonyo, nikampa dawa ya dukani. Kile kimya cha katikati ndicho kilichotuponza: tukidhani anapata nafuu, kumbe anaishiwa nguvu. Kulipokucha amelegea, ziwa halitaki.

Zahanati wakasema amiba, tukapewa dawa ya maji. Jioni akatapika kijani. Kumfungua nepi, nakuta ute mzito wenye damu, kama rozela iliyokaukia sufuriani. Sikumngoja baba yake, tukapanda bajaji na kanga ya kupikia.

Hospitali daktari akampapasa tumbo taratibu, mkono ukasimama upande wa kulia, juu. Akanishikisha: kitu kirefu, kama ndizi kisukari. Wakampiga altrasaundi. "Bibi, utumbo umeingia ndani ya utumbo mwenzake," akaniambia, huku akiuvuta mkono wa koti lake uingie ndani kwa ndani, nione. Ukibanwa hivyo damu haipiti, unaoza. Huwapata zaidi watoto wasiotimiza mwaka. Ukiwahi, kuna hospitali huurudisha kwa hewa au maji yanayopitishwa njia ya haja kubwa, bila kisu. Sisi tulishachelewa, akapasuliwa usiku uleule. Hawakukata hata kipande.

Nikauliza, kama nisingeiona ile damu? Akasema damu mara nyingi huja mwishoni, na wapo ambao haitoki kabisa. Kwa hiyo usiingoje. Kilio cha kuja na kuondoka, matapishi ya kijani, mtoto kulegea: hapo beba mtoto.

Sasa ananyonya kwa fujo na anataka kubandua plasta. Mkweo msomee barua hii yote, akibisha nipigie mimi. Vitenge vyako ninavyo, nitakuletea Jumamosi.

Wako,
Bibi Tatu