Barua kwa mwanangu Atupele: yule bibi kwenye ukungu

Tukuyu, Julai

Mwanangu Atupele,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa napepeta mchele. Umesema mwalimu amekurudishia picha sita kwa sababu hazikufuata kanuni, na wenzako hapo Dar wanakwambia msanii wa kweli kanuni hazimhusu. Ukaniuliza niko upande gani. Mama, mimi ni mpiga picha za pasipoti na harusi, hiyo sanaa naisikia kwenu. Ila nimeshika kamera tangu kabla hujazaliwa, kwa hiyo kunyamaza siwezi.

Nianze na aibu yangu. Harusi ya kwanza niliyopiga peke yangu ilikuwa Kiwira, mwezi wa saba kama huu, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Nilikuwa na Yashica ya mjomba wako na filamu mbili, yaani picha 24 za kugawa kwa ukoo mzima. Bibi wa bwana harusi akasimama uani, nyuma yake ukungu mtupu. Nikatazama mshale wa kipima mwanga, nikautii, nikapiga. Picha moja tu, filamu ilikuwa ghali.

Nilipoisafisha, ukungu ulikuwa wa kijivu kama maji ya kufulia, na bibi hakuwa na uso. Kilemba kipo, kitenge kipo, maua yake unaweza kuyahesabu, uso ni giza. Wenyewe walinilipa hela yangu yote, wakaniambia ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, wakaondoka. Heri wangenigombeza. Yule bibi alifariki mwaka haujaisha, na hawakuwa na picha yake nyingine.

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Kipima mwanga hakijui bibi wala ukungu. Kimetengenezwa kiamini kwamba chochote kilicho mbele yake, ukikichanganya chote pamoja, ni kijivu cha wastani, kile wanachokiita asilimia 18, yaani kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kikiona weupe mwingi kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, na uso mweusi uliosimama mbele ya weupe huo unazama nao. Kijazie uso mweusi peke yake, kinakosea upande wa pili: kinaupausha mpaka mtu anafanana na aliyetoka kuugua. Sasa huku kwetu Rungwe tuna nini kama si nyuso nyeusi na ukungu? Tangu hapo, ukungu ukishuka naongeza stopu moja na nusu (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili), mshale useme utakavyo. Kama huko ni kuvunja kanuni au ni kuijua, utaniambia wewe uliyesoma. Mimi nilitaka bibi wa watu awe na uso.

Hiyo kanuni ya theluthi anayokudai mwalimu wako, ya kuigawa picha mara tatu na kutomweka mtu katikati, nayo ina mwenyewe. Iliandikwa na John Thomas Smith, Mwingereza, mwaka 1797, akizungumzia picha za kuchora za mashamba na mbingu za kwao. Kamera ya kupigia picha haikuwepo bado. Sisemi haifai, naitumia kila wiki, hasa kwenye harusi ambako kila mtu anataka kukaa katikati. Ila usiiogope kama amri ya kanisani.

Na hao wenzako waambie wamtazame Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake 1948. Watu wa kazi hii wanafundishwa pazia la nyuma liwe tulivu, lisigombane na nguo. Yeye pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kutandikia kitanda, lina marembo, na mbele yake akawaketisha wanawake waliovaa vitambaa vya marembo vilevile. Kwa maelezo ungesema ni fujo. Lakini tazama mikono yao ilivyowekwa, bega lilivyogeuzwa, mwanga unavyoupita uso. Huyo hakubahatisha.

Picha zako sita nimezitazama kwenye simu, tena nikaenda kuzitazama kwenye kompyuta ya studio. Ile ya muuza nyanya wa Mwanjelwa, uliyemkata kichwa ikabaki mikono na mizani, usiibadilishe hata akikupa sifuri. Mikono ile inajieleza. Lakini zile mbili ambazo mlima Loleza umelala upande, mwanangu, hapo sikutetei. Nikikuuliza umelala kwa nini, una jibu? Mimi naona ulikuwa umechoka, na begi zito begani. Tatu zilizobaki sina la kusema, si mbaya.

(Picha za pasipoti usithubutu kuzichezea ukija kunisaidia. Mtu akikataliwa dirishani anarudi kwangu, harudi kwako.)

Ukija Agosti, njoo na kamera yako nzuri. Bibi yako amekubali kupigwa, ila ametoa masharti yake: asimame wima, katikati, mikono chini, asicheke. Na amenunua viatu vipya, kwa hiyo anataka viatu vionekane vyote viwili. Nilimwambia wewe unapenda kukata watu vichwa. Akauliza, "Na miguu?"

Mama yako