Ziara ya Buffalo Trace ni bure, sasa mbona tunawatoza hela?

Hili lalamiko tumechoka kulijibu mmoja mmoja kwenye WhatsApp, kwaiyo tunaliandika hapa watu wasome wote. Mteja anatulipa siku nzima ya kuzungushwa viwanda vya bourbon, ile wiski ya Marekani ya mahindi, huku Kentucky kutokea Louisville, anaonja, anapiga picha na mapipa, anafurahi kabisa, anarudi zake Dallas au Minneapolis, alafu siku mbili baadae anatuma skrinishoti ya Buffalo Trace, kimoja cha viwanda hivyo, inayosema ziara ni bure. Na chini yake ameandika, kaka mmenipiga.

Hatujampiga mtu. Ziara ya kawaida ya Buffalo Trace pale Frankfort ni bure kweli na hatujawahi kumficha mtu, kwenye risiti yetu hakuna mstari wa kiingilio cha Buffalo Trace, kaangalie. Unachotulipia ni gari, ni dreva ambaye hagusi tone, ni bima ya kubeba abiria (hii ya biashara, sio ile ya gari lako la nyumbani, bei zake haziendani hata kidogo), ni mafuta, na zile asubuhi tunazokaa kwenye kompyuta tunasubiri nafasi zifunguliwe. Maana kitu cha bure kila mtu anakitaka, nafasi za Jumamosi zinaisha haraka kuliko za viwanda vinavyolipisha, na mteja wetu anatukumbuka Alhamisi usiku anataka Jumamosi, watu nane.

Alafu hivi viwanda havijakaa mtaa mmoja jamani. Frankfort ni kama saa moja kutoka Louisville. Maker's Mark iko Loretto, kule mashambani kabisa, upande mwingine. Heaven Hill wako Bardstown, Jim Beam Clermont, Wild Turkey na Four Roses wote Lawrenceburg, Woodford Reserve iko njia ya Versailles katikati ya mashamba ya farasi. Mtu anatuletea listi yake, Buffalo Trace asubuhi, Maker's mchana, Woodford jioni, kwenye simu ameona viko jirani. Tukimwambia apange upya anaona tunamkatia raha, kumbe tunamuokolea siku, maana kwa mpango ule masaa mengi yanaishia barabarani na kiwanda cha tatu utakuta wamefunga.

Kuna mama mmoja alibishana na sisi bei kwenye simu mpaka tukamwachia, akasema atabuku mwenyewe. Akabuku kweli, kiwanda cha Shelbyville, maana kwenye ramani aliona Shelbyville iko hapo njiani kati ya Louisville na Frankfort. Ni kweli ipo, na Bulleit wana kiwanda chao hapo. Ila yeye alikuwa anaitaka Uncle Nearest, ile wiski yenye jina la Nathan "Nearest" Green, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa na ndiye aliyemfundisha Jack Daniel kutengeneza wiski, na tunaelewa kabisa kwanini aliitaka, wateja wetu wengi wakisikia hiyo historia wanataka wafike. Lakini hiyo ni Shelbyville ya Tennessee, zaidi ya masaa matatu kwa gari. Alitupigia akiwa sheli ameshajaza tenki, tukamwambia mama usihangaike, saa ya ziara itapita bado uko njiani. Tiketi za watu watano zikapotea hivyo hivyo.

Wanaotokea Nashville nao wana lao. Nashville wako nyuma yetu kwa saa moja, kwaiyo ukiandikiwa saa nne asubuhi ya Louisville ujue kwenu ni saa tatu. Watu wanajua ila wanasahau, wanafika getini wametabasamu wameshapitwa na saa nzima, na ziara haisubiri mtu. Ndio maana siku hizi kwenye meseji ya mwisho tunaandika saa zote mbili, ya huku na ya kwenu, hata kama mtu anatuona tunamsumbua.

Sasa twende kwenye Pappy, ile bourbon adimu, maana hapa ndio ugomvi mkubwa ulipo.

Mtu akishasikia Buffalo Trace anajua ndio wanakotengeneza Pappy Van Winkle, kwaiyo anawaza akifika kule anatoka nayo mkononi. Haiko hivyo, na hatujawahi kumuahidi mtu. Ile inatoka kidogo sana mara moja kwa mwaka, maduka yenyewe yanapiga bahati nasibu nani auziwe, na wizi wake uliwahi kutokea ndani ya kiwanda chenyewe, 2013 ilikuja kugundulika zaidi ya chupa 200 hazipo na wafanyakazi wa ndani wakafikishwa mahakamani. Hakuna dreva wa Serengeti anayekuahidi chui, anakuahidi gari zima na macho yanayojua pa kuangalia, na sisi ni hivyo hivyo.

Kinachowezekana ni hiki. Duka la kiwandani pale kila siku lina aina moja ya chupa ya kusakwa, leo inaweza kuwa Eagle Rare, kesho Blanton's, siku nyingine Weller au E.H. Taylor, na kila mtu anapewa yake moja kwa bei ya kiwanda, wanaskani kitambulisho, ukishaichukua lazima muda upite ndio uruhusiwe tena ile ile. Dreva wetu anaangalia asubuhi kabla hajawafuata, anawaambia ukweli kwenye gari. Kama siku hiyo sio Blanton's basi sio Blanton's, hata ukilalamika.

Na hiyo Blanton's imeleta ugonjwa wake. Vizibo vyake vina farasi wa aina nane, kila mmoja na herufi yake, ukizipanga zinaandika jina lenyewe, N ziko mbili na ya pili ina nukta mbili pembeni. Watu wanakusanya herufi badala ya kunywa. Mteja mmoja alibaki na S tu, alikuwa anatupigia kila wiki kama tuna chupa yenye S, mwisho akaenda kununua kwa mtu wa Facebook.

Hapo ndio kwenye njia ya mkato inayotuumiza kuliko zote. Huku Kentucky mtu binafsi haruhusiwi kukuuzia pombe tu hivi hivi bila leseni. Kuna sheria ilianza 2018 inayoruhusu maduka yenye leseni kununua chupa za zamani kutoka kwa watu na kuziuza, kwaiyo kama unataka ya zamani nenda huko, utalipa zaidi lakini kuna mtu wa kumrudia. Kijana mwingine wa Columbus alikataa ziara yetu akasema hiyo hela anaongezea apate Blanton's. Akakutana na jamaa parking ya supamaketi, akalipa karibu mara tatu ya bei ya kiwandani, alafu akaja kwetu anajidai tuifungue pamoja. Muhuri wa shingoni ulikuwa umebandikwa na gundi, ukiweka kwenye mwanga unaona kabisa. Tukaonja. Mbele spiriti inawasha, nyuma hakuna kitu, sio vanila, sio chungwa, sio hata ule utamu wa mahindi. Chupa tupu za Blanton's na Pappy zinauzwa mtandaoni kila siku, unafikiri wanaonunua wanapandia maua?

Wiski kuchakachuliwa sio jambo la leo. Zamani ilikuwa inauzwa kwa pipa, muuzaji wa katikati anaongeza maji, sukari na madudu ya rangi anavyojua mwenyewe. George Garvin Brown alipoanza chapa ya Old Forester 1870 aliamua iuzwe kwenye chupa zilizofungwa tu, sababu ndio hiyo. Na 1897 serikali ikatunga sheria ya Bottled-in-Bond, wiski ya kiwanda kimoja, msimu mmoja, imekaa ghalani chini ya ulinzi miaka minne kwenda juu, inafungwa ikiwa na kilevi asilimia 50 kamili. Hayo maneno ukiyaona kwenye lebo yana uzito, na chupa ya hivyo ya Evan Williams, ile yenye lebo nyeupe, haikutoi jasho kwa bei. Tumeshaimimina bila kuonyesha chupa mbele ya watu wanaojua bourbon zao, wakaisifia wakidhani ni kitu cha hela nyingi.

Kwaiyo ushauri wetu wa kununua uko wazi. Wild Turkey 101, Four Roses Single Barrel, Old Forester, Maker's kama unapenda laini maana wao wanatumia ngano badala ya nafaka ya rai. Usinunue namba ya miaka. Bourbon kisheria inalazwa kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, na joto la Kentucky wakati wa kiangazi linaisukuma ndani ya mbao kwa nguvu, kwaiyo miaka 20 ya huku sio miaka 20 ya Scotland ambako mapipa mengi yameshatumika na baridi ndio inatawala. Tumewahi kuonja za umri mkubwa zikawa chungu, mdomo unakauka, ni mbao tupu. Sisi tunapenda kati ya sita na kumi na mbili, na hatumuombi mtu msamaha.

Na kuonja kwenyewe kuna namna. Mzee mmoja kutoka Arusha, alikuja kumtembelea mwanae, glasi ya kwanza aliipiga yote kwa mkupuo kama toti ya baa. Dreva wetu akamwambia mzee wangu, ya pili hii twende taratibu, weka pua juu ya glasi lakini mdomo uache wazi kidogo, alafu kunywa kidogo uitafune. Ilikuwa Old Forester, pale Main Street. Akanyamaza, akasema hii ina ndizi mbivu. Na ndizi ndio kila mjuzi wa Old Forester anaitaja! Yule mzee hakuwahi kusoma popote. Kufika Jim Beam akasema kashata ya karanga, na hapo pia hakukosea. Siku kama hiyo ndio tunaifanyia kazi hii, na haitokei kama mnakimbizana na saa au kama mmoja wenu anahesabu glasi kwasababu ndiye atakayeshika usukani.

Maana hiyo nayo ipo. Watu wanasema tunakodi gari wenyewe, Fulani hanywi. Fulani anafika kiwanda cha kwanza anapewa vikombe vidogo vinne mbele yake, ameshalipia, anasema kidogo tu. Kiwanda cha pili kidogo tu. Vijana fulani walisimamishwa jioni wakirudi kutoka Bardstown, mwenzao aliyekuwa anaendesha akalala ndani, na baada ya hapo ni wakili, faini, bima ya gari kupanda, na kwasababu makaratasi yake ya uhamiaji yalikuwa bado yanashughulikiwa kesi ikamfuata mpaka huko. Gari letu na dreva kwa siku nzima kwa watu wote wale haingefika hata robo ya alichomlipa wakili. Tunasema hivi kwa uchungu, walikuwa watoto wazuri na waliuliza bei yetu, wakaona kubwa.

La mwisho ni begi, na hili linatokea kila mwezi. Maker's Mark unaruhusiwa kuchovya chupa yako mwenyewe kwenye nta nyekundu, watu wanaipenda sana, dada mmoja alichovya mbili, moja ya baba yake Mombasa na moja ya harusi ya mdogo wake. Tukamwambia ziweke kwenye begi kubwa, akaona zitavunjika, akazitia begi la mkononi. Pale uwanja wa ndege zikaishia kwenye pipa la taka, maana kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti ukaguzi. Nguo, soksi, taulo, funga chupa vizuri ndani ya begi la kukabidhi, hazivunjiki, sisi tunatoa mifuko yenye povu bila malipo kwa kila aliyepanda gari letu.

Na hata kwenye begi kubwa kuna kikomo. Wiski inayozidi asilimia 24 mpaka 70 unaruhusiwa lita tano kwa mtu, haijafunguliwa, kwaiyo chupa za mililita 750 ni sita, ya saba imeshavuka. Inayozidi asilimia 70 haipandi ndege kabisa, na zipo, zile zinazotolewa pipani bila kuongezwa maji. Inaingia pipani ikiwa haizidi asilimia 62.5 lakini ghorofa za juu za ghala joto linapunguza maji kwanza, kilevi kinapanda mwaka hadi mwaka. Soma lebo kabla hujalipa. Ukifika Nairobi au Dar msamaha wa forodha ni lita moja ya pombe kali, zinazobaki zitangaze ulipie, usiseme ni zawadi za kanisa.

Ukitaka kubuku tuandikie mapema, wiki kadhaa kabla kama ni Jumamosi, mapema zaidi kama ni wiki ya Derby, yale mashindano ya farasi, mwezi wa tano au mwezi wa kumi majani yanapobadilika. Tutumie majina kama yalivyo kwenye kitambulisho. Wote lazima muwe mmefika miaka 21, na mgeni aliyetoka nyumbani aje na pasipoti yenyewe, picha ya kwenye simu viwanda vingi wanaikataa. Nusu tunachukua siku ya kubuku, nusu asubuhi mkishapanda, na tip ya dreva ni hiari yenu.